Askari Aliyefia Zamuni, na Jinsi Impasavyo Mwislamu Kumkumbuka

Bismillahir Rahmanir Rahim



Siku ya Jumatano, tarehe 7 Januari, 2015, watu wawili wenye bunduki waliingia katika ofisi za gazeti la Charlie Hebdo mjini Paris, Ufaransa. Gazeti hilo lilikuwa limechapa mara kadhaa picha za kumdhihaki Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. Waliwaua watu waliokuwamo, kisha wakatoka nje wakipaza sauti kwamba wamemlipia kisasi Mtume. Katika barabara iitwayo Boulevard Richard-Lenoir wakakutana na askari polisi aliyekuwa katika zamu yake ya doria. Wakampiga risasi, akaanguka. Alipokuwa amelala chini, amejeruhiwa, hana nguvu ya kumdhuru mtu yeyote, mmoja wao akamkaribia na kummaliza.

Jina la askari huyo lilikuwa Ahmed Merabet.

Hebu, ndugu msomaji, litafakari jina hilo. Ahmad ni jina mojawapo la Mtukufu Mtume s.a.w. mwenyewe, nalo limetajwa katika Kurani Tukufu katika bishara aliyoitoa Nabii Isa a.s. Basi watu waliodai kwamba wanamtetea Mtume walimwua Mwislamu aliyepewa na wazazi wake jina la Mtume. Ukoo wake ulitoka Algeria. Umri wake ulikuwa miaka arubaini hivi. Baba yake alikwisha kufariki miaka mingi nyuma, naye ndiye aliyekuwa nguzo ya nyumba na mtunzaji wa mama yake. Mama huyo alimwaga mwanawe asubuhi aende kazini kama siku zote, na jioni akabaki na msiba.

Habari hii ilipoenea, mwanafunzi mmoja katika chuo cha dini ninachofundisha, hapa ughaibuni, aliniuliza swali mbele ya wenziwe. Alisema: "Mwalimu, askari yule alikufa akiwalinda watu waliomtukana Mtume wetu s.a.w. Je, inafaa tumwombee rehema na kumtaja kwa heshima?" Nakiri kwamba sikumjibu upesi. Jibu nilikuwa nalo. Lakini niliona usoni mwake kwamba swali lile lilimwuma, na swali limwumalo mtu halifai kujibiwa kwa neno moja. Tangu siku hiyo nimeulizwa swali hilo mara nyingi kwa namna mbalimbali. Kwa hiyo naona yafaa kulieleza hapa kwa utaratibu.

NANI ALIYEMTETEA MTUME SIKU ILE?

Jambo la kwanza: hatujui askari yule alifikiri nini juu ya picha zile. Baada ya kufa kwake watu wengi walimtilia maneno kinywani. Wengine walisema kwamba alikufa ili kutetea haki ya kudhihaki, na wengine wakasema vinginevyo. Yeye mwenyewe hakuacha neno lolote juu ya hayo, wala si haki yetu kumsemea marehemu asiyeweza kutusahihisha. Tujualo ni hili tu: palikuwa na wauaji barabarani, na kazi yake ilikuwa kusimama kati ya wauaji na watu. Akasimama.

Sasa tuipime kazi hiyo kwa mizani ya Kurani Tukufu. Katika Sura Al-Maida, aya ya 33, Mwenyezi Mungu ametufundisha ya kuwa mwenye kuua nafsi moja isiyo na hatia ya kuua wala ya kufanya uharibifu katika nchi, ni sawa na aliyewaua watu wote; na mwenye kuokoa nafsi moja ni sawa na aliyewaokoa watu wote. Hapa haikusemwa nafsi ya Mwislamu tu, wala nafsi ya mtu mwenye adabu tu. Imesemwa nafsi.

Huenda mtu akasema: "Lakini wale walimtukana Mtume." Naam, walifanya jambo baya, nalo lilitukera sisi sote. Lakini je, Mtume mwenyewe s.a.w. aliwafanya nini waliomtukana? Abdullah bin Ubayy, mkuu wa wanafiki wa Madina, alisema wakati wa safari ya Banu Mustaliq kwamba watakaporudi mjini, mwenye heshima zaidi atamfukuza aliye mnyonge, naye kwa maneno hayo alimkusudia Mtume wa Mungu. Maneno hayo yametajwa katika Sura Al-Munafiqun, aya ya 9. Hadhrat Umar r.a. alitaka ruhusa amwue, akakatazwa. Mwana wa mtu huyo, aliyekuwa mwamini wa kweli, alikuja kusema kwamba kama ni lazima baba yake auawe, basi yeye mwenyewe apewe amri hiyo. Mtukufu Mtume s.a.w. akamwambia kwamba watamtendea wema. Na Abdullah bin Ubayy alipokufa kifo cha kawaida kitandani mwake, Mtume s.a.w. alitoa kanzu yake mwenyewe iwe sanda yake, akamsalia.

Tena huko Taif walimpiga kwa mawe mpaka damu ikajaa viatuni mwake. Malaika wa milima akaja kumwuliza kama anataka watu hao waangamizwe. Akakataa, akatumaini kwamba katika vizazi vyao watatoka watu wa kumwabudu Mungu Mmoja.

Na Mwislamu afanye nini asikiapo dini yake ikifanyiwa mzaha? Sura An-Nisa, aya ya 141, inatuamuru tusikae pamoja na wafanyao mzaha mpaka waingie katika mazungumzo mengine. Tuondoke, basi. Haikusemwa tuchukue silaha. Tena haikusemwa tusirudi kamwe, maana wakibadili mazungumzo twaweza kuketi nao tena.

Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, alifuata njia hiyohiyo. Mwaka 1897 huko Bara Hindi kilitolewa kitabu kilichowatukana wake watukufu wa Mtume s.a.w. Chama kimoja cha Waislamu wa Lahore kikapeleka ombi kwa serikali ili kitabu hicho kipigwe marufuku. Seyidna Ahmad a.s. hakuliunga mkono ombi hilo. Alieleza kwamba kitabu kilikwisha kuenea mikononi mwa watu, na sumu yake haitaondolewa kwa marufuku, bali kwa jibu zuri lenye hoja na adabu. Alisema hayo mtu ambaye katika zama zake hakuna aliyempenda Mtume kuliko yeye. Na baada ya tukio la Paris, Khalifa wetu wa Tano, Hadhrat Mirza Masroor Ahmad, alililaani shambulio hilo waziwazi, akaihimiza Jumuiya izidi kumsalia Mtume s.a.w. na kuwaonyesha walimwengu sifa zake njema.

Basi ni nani aliyemtetea Mtume siku ile? Je, ni wale waliowafanya mamilioni ya watu walihusishe jina lake na damu? Au ni mtu yule mwenye jina la Ahmed, aliyesimama kuzuia damu isimwagwe? Hukumu hii hata mtoto aweza kuitoa.

KAZI YA MLINZI

Watu wengi wa kwetu, wasikiapo neno polisi, hukunja uso. Wanakumbuka kizuizi cha barabarani, faini isiyo na stakabadhi, na maneno ya ukali kituoni. Hayo yapo, nami sitayaficha. Lakini tusiache makosa ya watu yatusahaulishe thamani ya kazi yenyewe.

Usiku mmoja watu wa Madina walishtushwa na kishindo, wakaogopa kwamba adui amekuja. Baadhi yao wakatoka kuelekea kule sauti ilikotoka. Njiani wakakutana na Mtukufu Mtume s.a.w. anarudi. Alikwisha kutangulia peke yake, juu ya farasi wa Abu Talha asiyetandikwa, upanga shingoni, akaangalia, na sasa akawatuliza wasiogope. Huyu ndiye kiongozi wa dini yetu: wengine walipokuwa wakiulizana kuna nini, yeye alikuwa amekwisha kufika mahali pa hatari. Hadhrat Umar r.a. naye katika ukhalifa wake alizungukazunguka usiku katika njia za Madina kuangalia hali ya raia. Kwa hiyo mtu avaaye sare na kutembea usiku ili wengine walale, akifanya hivyo kwa uaminifu, anafuata nyayo tukufu.

Imepokewa katika Hadithi kwamba kuna macho mawili ambayo Moto hautayagusa: jicho lililolia kwa kumcha Mungu, na jicho lililokesha likilinda katika njia ya Mungu. Je, kulinda watu wa dini nyingine kwaweza kuwa njia ya Mungu? Soma Sura Al-Hajj, aya ya 41. Huko, katika ruhusa ya kwanza ya kupigana waliyopewa Waislamu, Mwenyezi Mungu ameeleza kwamba kama asingewazuia watu wengine kwa wengine, zingevunjwa nyumba za watawa, na makanisa, na masinagogi, na misikiti. Zingatia mpangilio huo, ndugu yangu: nyumba za ibada za wengine zimetajwa mbele, na misikiti imetajwa mwisho.

Sisi Waahmadiyya tuna sababu nyingine ya kuiheshimu kazi hii ifanywapo kwa haki. Mwaka 1897 padri mmoja, Dakta Henry Martyn Clark, alimshitaki Seyidna Ahmad a.s. kwamba alimtuma kijana amwue. Kesi ikaletwa mbele ya Kapteni Douglas, hakimu wa wilaya ya Gurdaspur. Hakimu hakuridhika na ushahidi wa kijana huyo, akamtia mikononi mwa mkuu wa polisi, Bwana Le Marchand. Mwingereza huyo, ambaye dini yake ilikuwa moja na ya mshitaki, alimhoji kijana mpaka akakiri kwamba alifundishwa kusema uongo. Tarehe 23 Agosti, 1897 Seyidna Ahmad a.s. aliachiliwa huru, akaambiwa kwamba ana haki ya kuwashitaki waliomzulia, naye akasema hataki. Uaminifu wa afisa mmoja wa polisi ulizuia dhuluma kubwa. Je, tuusahau kwa sababu hakuwa wa dini yetu?

Wala majonzi haya si ya Paris tu. Tarehe 13 Aprili, 2017, askari polisi 8 waliuawa katika shambulio moja huko Kibiti, mkoa wa Pwani, Tanzania, walipokuwa wakitoka katika lindo lao. Hao walikuwa waume wa watu na watoto wa watu. Basi swali la mwanafunzi wangu ni letu sote.

JE, TUMWITE SHAHIDI?

Katika Hadithi Mtukufu Mtume s.a.w. amemhesabu kuwa shahidi mtu auawaye katika kulinda mali yake, au nafsi yake, au watu wake, au dini yake. Kwa hiyo si ajabu kutumaini kwamba mtu aliyeuawa katika kulinda uhai wa wenziwe atapata sehemu katika daraja hiyo. Lakini adabu ya Islam ni kwamba vyeo vya Akhera hugawa Mwenyezi Mungu, aijuaye nia. Sisi hatuna daftari hilo. Kazi yetu ni kutumaini na kuomba.

Jambo moja hata hivyo laweza kusemwa bila kusitasita. Wale wauaji nao waliitwa mashahidi na wafuasi wa mawazo yao. Sura An-Nisa, aya ya 94, imeeleza malipo ya mwenye kumwua mwamini kwa kusudi: Jahanamu, na ghadhabu ya Mungu, na laana Yake, na adhabu kubwa. Mwenye kutafuta ushahidi kwa kumwua mtu aliyelala chini amejeruhiwa, atafute cheo chake katika aya hiyo.

TUMKUMBUKE NAMNA GANI?

Tarehe 13 Januari, 2015 serikali ya Ufaransa iliwafanyia heshima askari watatu waliouawa katika siku zile. Wa kwanza, Franck Brinsolaro, alikuwa mlinzi ndani ya ofisi za gazeti. Wa pili alikuwa Ahmed Merabet. Wa tatu, Clarissa Jean-Philippe, binti aliyetoka kisiwa cha Martinique, aliuawa tarehe 8 Januari. Rais aliweka nishani juu ya majeneza yao. Siku hiyohiyo Ahmed akazikwa katika makaburi ya Waislamu huko Bobigny, na baadaye kibao cha ukumbusho kikawekwa katika barabara alipofia. Hayo ni mazuri. Lakini nishani hukaa sandukuni, na kibao mpita njia hukizoea. Dini inataka zaidi.

Kwanza, machozi. Mtukufu Mtume s.a.w. alimlilia mwanawe Ibrahim, akafundisha kwamba jicho hutoka machozi na moyo huhuzunika, lakini ulimi usiseme ila limpendezalo Mola. Kwa hiyo asikatazwe mjane kulia. Akatazwe kukufuru tu.

Pili, jiko la wafiwa. Hadhrat Jafar r.a. alipouawa katika vita vya Muta, Mtume s.a.w. aliamuru watu wapike chakula wawapelekee watu wa nyumba ya Jafar, kwa kuwa walikuwa wamekabiliwa na msiba. Sisi tumeligeuza jambo hili. Leo wafiwa ndio wanaowapikia wageni, siku ya tatu, na siku ya arobaini, na hitima ya mwaka, hata mjane wa askari hukopa mchele na mbuzi ili majirani washibe. Huko siko kumkumbuka marehemu. Ni kuwaongezea yatima wake deni. Ukitaka kumheshimu, peleka chakula, wala usikiendee.

Tatu, mambo yabakiyo. Mtume s.a.w. amesema kwamba mtu afapo amali zake hukatika, isipokuwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema amwombeaye. Basi mtoto wa askari aliyefia zamuni alipiwe vitabu na sare ya shule, afundishwe Kurani na Sala. Kila ainuapo mikono kumwombea baba yake, hiyo ni nishani ambayo kutu haiwezi kuila.

Nne, kumsitiri. Mauaji ya Ahmed Merabet yalipigwa picha za sinema na mtu aliyekuwa karibu, na dunia nzima ikazitazama. Ndugu yake aliwalaumu kwa uchungu walioichukua picha hiyo na kuieneza, akaeleza kwamba bado anaisikia sauti ya ndugu yake. Islam imetufundisha kwamba aoshaye maiti asitiri alichokiona. Leo kila mtu ana simu yenye kupiga picha, na ajali ikitokea watu hutangulia kupiga picha kabla ya kumfunika marehemu. Ndugu msomaji, upokeapo picha ya namna hiyo, iishie kwako. Ifute, na useme Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun.

Tano, kuzuia kisasi. Ndugu huyohuyo alisimama mbele ya waandishi wa habari siku tatu tu baada ya msiba, akasema kwamba nduguye alikuwa Mwislamu na aliuawa na Waislamu wa uongo. Akawasihi watu wasichome misikiti wala masinagogi, kwa kuwa hayo hayatawarudisha waliokufa wala kuwatuliza wafiwa. Nilipoyasoma maneno hayo niliwakumbuka ndugu zetu wa Lahore. Tarehe 28 Mei, 2010, wakati wa Sala ya Ijumaa, Waahmadiyya zaidi ya 80 waliuawa katika misikiti yetu miwili ya mji huo. Katika msikiti wa Model Town waumini wenyewe, bila silaha, waliwakamata washambulizi. Walikuwa wamesimama katika damu ya jamaa zao, na wauaji walikuwa mikononi mwao. Wakawakabidhi kwa polisi. Huko ndiko kumheshimu aliyeuawa, kwani aliyekufa akiilinda sheria haheshimiwi kwa kuivunja.

NENO KWA ASKARI ALIYE HAI

Huenda wewe usomaye kurasa hizi ni askari, au baba yako ni askari. Basi sikia. Damu ya wenzio waliofia zamuni imeipa sare yako heshima ambayo hukuinunua. Kila shilingi ya rushwa unayoipokea, na kila mnyonge unayemwonea, unaila heshima hiyo kidogo kidogo. Katika Sura An-Nisa, aya ya 59, Mwenyezi Mungu ametuamuru tuzirudishe amana kwa wenyewe, na tuhukumupo baina ya watu tuhukumu kwa haki. Usalama wa raia ni amana. Ukitoka nyumbani asubuhi, tia nia kwamba unakwenda kulinda viumbe vya Mungu kwa ajili ya Mungu. Kazi ni ileile na mshahara ni uleule, lakini kwa nia hiyo zamu yako yaweza kuhesabiwa ibada, nawe hujui ni zamu ipi itakayokuwa ya mwisho.

Mwanafunzi wangu alipata jibu lake. Nilimwambia: Mtukufu Mtume s.a.w. alisimama lilipopita jeneza la Myahudi, na alipoambiwa kwamba huyo ni Myahudi, aliuliza kama yeye naye hakuwa nafsi. Ikiwa Mtume alimsimamia jirani asiyekuwa wa dini yake, wewe wasita vipi kumwinulia mikono mtu mwenye jina la Ahmed, aliyekufa akiwa kati ya muuaji na watu? Tukasimama darasani, tukaomba. Kijana huyo sasa ni mubalighi, na ameniandikia kwamba katika mji anakofanya kazi huwatembelea askari wa kituo cha karibu kila siku ya Idi, akiwapelekea chakula. Nafikiri amelijibu swali lake vizuri kuliko nilivyolijibu mimi.

Ewe Mola wetu! Uwarehemu wote waliokufa wakiwalinda waja Wako. Uwe Mlezi wa yatima wao na Faraja ya mama zao. Uwape viongozi na walinzi wetu uaminifu, na utuepushe na ghadhabu itumiayo jina la Mtume Wako ilhali inamwasi. Nasi utujalie tumtetee kipenzi Chako kwa tabia njema, na kwa kumsalia kwa wingi. Allahumma salli ala Muhammadin wa ala ali Muhammad. Amin.

Wa akhiru daawana anil hamdu lillahi Rabbil alamin.